Fedha Haina Miguu: Kulipa na Kupeleka Fedha Ng'ambo kwa Mtu Asiye na Hesabu ya Benki



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo linalowahusu watu wengi wa Handeni na Korogwe, na wengine wengi wasiokuwa wa huko. Jambo lenyewe ni hili: mtu asiye na hesabu katika benki atawezaje kulipa alipayo hapa nyumbani, na tena atawezaje kumpelekea fedha ndugu yake aliye katika nchi nyingine, fedha ile ifike salama wala isiliwe nusu njiani?

Swali hili si geni. Waliliuliza watu wa misafara kabla reli haijafika Korogwe. Wakaliuliza tena wakata mkonge waliotoka mbali. Na leo aliuliza mkulima wa mahindi, na mwanafunzi ambaye nduguye yuko Kenya, Oman au Marekani. Vyombo vya kupelekea fedha vimebadilika sana, lakini asili ya kazi haikubadilika. Nataka tuijue asili hiyo kwanza, kwa maana mtu aijuaye hadanganyiki upesi.

FEDHA HAIENDI, NENO NDILO LIENDALO

Watu wengi hudhani kwamba fedha ikipelekwa mbali huenda yenyewe, kama mzigo uendavyo ndani ya gari. Mara nyingi sivyo. Tufanye mfano.

Juma anakaa Korogwe, na mama yake anakaa Handeni, mwendo wa kiasi cha kilometa 65. Pale Korogwe pana mwenye duka ambaye nduguye ana duka Handeni. Juma amkabidhi mwenye duka wa Korogwe shilingi 20,000. Yule mwenye duka amwandikia nduguye: "Mpe mama yake Juma shilingi 20,000." Ndugu wa Handeni atoa fedha katika sanduku lake mwenyewe, ampa mama.

Je, noti za Juma zimekwenda Handeni? Hasha, zimebaki Korogwe. Kilichokwenda ni neno, na nyuma ya neno limebaki deni la duka moja kwa duka jingine. Wiki ijayo mtu wa Handeni atakapotaka kumlipia mwanawe karo Korogwe, neno litarudi kwa njia ile ile, na deni litapungua au litakwisha kabisa. Ikiwa litabaki kidogo, wale ndugu wawili watalipana kwa bidhaa au kwa fedha watakapoonana.

Waarabu huiita kazi hii hawala, na watu wa Bara Hindi huiita hundi. Majina yote mawili yameingia katika Kiswahili, nasi twayatumia kila siku bila kukumbuka yalikotoka. Katika karne ya 19 biashara kubwa ya Unguja na bara ilisimama juu ya maneno ya namna hiyo. Tippu Tip alipokwenda bara hakubeba magunia ya riale. Alichukua bidhaa kwa mkopo wa matajiri wa Unguja, mmoja wao akiwa Taria Topan, akalipa kwa pembe aliporudi. Neno la mtu mwaminifu lilipita mahali ambapo fedha isingepita. Lakini neno la mtu asiyejulikana halikununua hata doti moja ya kaniki.

Basi shikeni jambo hili moja, kwa kuwa yote tutakayoyasema baadaye yatoka humo: kazi ya kupeleka fedha ina sanduku mbili, moja huku na moja huko, na katikati yao pana neno. Mwizi akitaka fedha yako si lazima avunje sanduku. Yamtosha kuligeuza neno.

MANAMBA NA HAWALA YA POSTA

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dr. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyopona, na kwa hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga, Pangani na Korogwe. Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaongezeka pande zote mbili za njia, na watu wa karibu hawakutosha kwa kazi. Wakaja watu kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Urundi na Msumbiji. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chama cha kuwatafuta watu hao, nacho kilijulikana kwa jina la SILABU.

Mkata mkonge alipewa kipande, karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyoimaliza kazi yake ilitiwa alama, na kipande kilipojaa ndipo alipopata mshahara. Fikirini mtu wa Urundi aliyekwisha jaza vipande kadha wa kadha. Fedha iko mkononi Korogwe, na mke na wazee wako mwendo wa siku nyingi. Afanyeje?

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuificha fedha mpaka siku ya kurudi, akiombea isiibwe kambini wala asiimalize yeye mwenyewe. Ya pili, kumpa mwenzake arudiye kwao, akiomba mwenzake awe mwaminifu, asiugue, tena asinyang'anywe njiani. Ya tatu, kwenda Posta kukata hawala. Karani wa Posta alipokea fedha, akaandika hati. Hati ikaenda kwa barua, na Posta ya kule ikatoa fedha katika sanduku lake. Mnaona kwamba ni yale yale maduka mawili ya Juma, ila mwenye duka amekuwa Serikali, na neno limeandikwa na kupigwa muhuri. Hata leo Shirika la Posta ni jina ambalo wazee wengi hulikumbuka kwanza wakisikia habari ya kupeleka fedha.

Pana jambo jingine katika habari hiyo ya zamani, nalo wengi wamelisahau. Tangu mwaka 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja, Shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1936 Unguja na Pemba zikaingia pia. Mtu wa Korogwe aliyepeleka shilingi kumi Mombasa alimpa baba yake shilingi kumi zile zile. Alilipa ada ya hawala tu, basi. Palikuwa na mpaka juu ya ramani, lakini ndani ya fedha hapakuwa na mpaka.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na kila nchi ikawa na shilingi yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Jumuiya ilianzishwa upya, lakini shilingi hazikuunganishwa tena. Kwa hiyo tangu wakati huo mtu apelekaye fedha Kenya hulipa mara mbili: hulipa ada ya kupelekewa, na hulipa gharama ya kubadilishiwa shilingi hii kuwa shilingi ile. Ada huandikwa mbele ya macho yake. Gharama ya kubadilisha hufichika ndani ya hesabu. Tutairudia habari hiyo, kwani ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

SIMU YA MKONONI

Mwezi wa Machi 2007 ilianza huko Kenya kazi iitwayo M-Pesa, na mwezi wa Aprili 2008 ikaanza Tanzania. Kampuni nyingine za simu zikafuata kwa majina yao. Mwaka 2014 kampuni za Tanzania zilianza kuunganisha njia zao, hata mwenye laini ya kampuni moja akaweza kumtumia mwenye laini ya kampuni nyingine.

Kazi yake ni hii. Mtu huenda kwa wakala, ambaye mara nyingi ni mwenye duka dogo au kibanda penye stendi au soko. Humkabidhi noti, na wakala humwingizia kiasi hicho katika simu. Hapo wakala amepata noti na amepungukiwa salio katika simu yake; mtu akija kutoa fedha, huwa kinyume chake. Ndiyo maana siku ya gulio, watu wengi wakitaka kutoa, wakala huweza kuishiwa noti, nawe ukaambiwa uende kwa mwingine. Hakukudanganya; sanduku lake la upande ule limekwisha.

Wengine huuliza, "Fedha iliyo ndani ya simu iko wapi hasa?" Haimo ndani ya simu. Simu ikitumbukia katika mto Pangani, fedha haikutumbukia. Sheria yataka kwamba kwa kila shilingi iliyoandikwa katika simu za watu, kampuni iwe imeweka shilingi moja katika benki, katika hesabu ya amana iliyotengwa kwa ajili ya wenye fedha, wala kampuni haina ruhusa kuifanyia biashara zake. Kwa hiyo hata mtu asiye na hesabu ya benki, fedha yake imelala benki, ila haikulala kwa jina lake. Jina lake limo katika daftari ya kampuni ya simu. Ndiyo sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Kwa malipo ya hapa nyumbani njia hii yatosha kwa mambo mengi. Mwenye duka mwenye Lipa Namba hulipwa kwa namba hiyo, na mnunuzi husoma jina la duka kabla ya kuthibitisha. Umeme wa LUKU, ambayo maana yake ni Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, hununuliwa kwa simu. Malipo mengi ya Serikali hutolewa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, na ukilipa kwa namba hiyo fedha huingia moja kwa moja Serikalini, wala haipiti mfukoni mwa mtu. Akija mtu akakuambia, "Nipe mkononi, nitakulipia mimi," mwombe namba ya kumbukumbu ulipe mwenyewe.

Neno moja kwa wageni na kwa wenyeji wao. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za Tanzania zakataza kutaja bei au kudai malipo ya bidhaa na kazi za ndani ya nchi kwa fedha ya kigeni. Mgeni mwenye dola hana haja ya kufungua hesabu ya benki ili alipe nyumba au gari, bali azibadilishe mahali penye leseni, kisha alipe kwa shilingi. Na mwenye nyumba asimlazimishe kulipa dola.

HABARI YA WATU WA CHOGO

Sasa twende ng'ambo. Na kwa mfano tuchukue kijiji kilicho katika wilaya ya Handeni yenyewe, kiitwacho Chogo.

Watu wengi wa Chogo wana historia ya ajabu. Asili yao ni Wazigua wa nchi hii hii. Katika karne ya 19, hasa nyakati za njaa ya miaka ya 1830, babu zao walichukuliwa kwa vyombo mpaka pwani ya Somalia, wakatiwa utumwani. Waliotoroka walikaa katika bonde la mto Juba, wakalima, na lugha ya Kizigua hawakuiacha. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikuja kwa bahari mpaka Tanga, wakapewa mahali pa kukaa Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamia Chogo, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania.

Lakini jamaa hawakurudi wote. Wengine walibaki Somalia. Wengine walikaa katika kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Na kuanzia mwaka 2003 watu wapatao 12,000 wa jamii hizo za Kibantu za Somalia walipelekwa kukaa Marekani. Fikirini basi ukoo mmoja: kaka yuko Chogo, dada yuko Kenya, mpwa yuko Marekani. Ukipata msiba mahali pamoja, fedha yatakiwa kutoka mahali pawili. Na huyu kaka wa Chogo hana hesabu ya benki, wala benki haiko mlangoni pake.

Mpwa akituma fedha kutoka Marekani, yaweza kuingia moja kwa moja katika simu ya mjomba wake, au mjomba akapewa namba ya siri akaichukue katika ofisi. Upande huo ni mwepesi. Ulio mgumu ni upande wa pili, yaani mtu wa Handeni kupeleka nje. Tuuangalie.

HESABU YA NDUGU WAWILI

Tuseme kaka ameuza mahindi, naye ataka kumpelekea dada yake fedha ya matibabu. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania na ile ya Kenya ziliunganishwa, na njia nyingine zimefunguliwa tangu hapo. Kaka atachagua katika simu yake sehemu ya kutuma nje ya nchi, ataandika namba ya dada yake, na dada atapokea shilingi za Kenya. Shilingi za kaka hazikuvuka mpaka. Kampuni ya huku imezishika, na kampuni ya huko imelipa kutoka sanduku lake; kisha zitahesabiana kupitia benki zao. Ni Juma na maduka mawili tena.

Sasa wanafunzi wachukue kalamu. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme shilingi 1 ya Kenya ni sawa na shilingi 20 za Tanzania. Kaka ana shilingi 103,000 jumla, na mbele yake pana njia mbili.

Njia ya kwanza yataka ada ya shilingi 3,000, na inabadilisha kwa kiwango cha 20. Ada ikitoka zabaki 100,000. Gawa kwa 20: dada apata shilingi 5,000 za Kenya.

Njia ya pili imeandika kwa herufi kubwa, "Hakuna ada." Lakini yabadilisha kwa kiwango cha 21. Gawa 103,000 kwa 21: dada apata shilingi 4,904, na senti kidogo.

Mnaona? Njia iliyoitwa ya bure imempunguzia mgonjwa kiasi cha shilingi 95 za Kenya. Mtu hakuibiwa, wala hakuambiwa uwongo. Hakujua tu pa kutazama. Na kiwango kikiwa kibaya zaidi, hasara nayo huzidi, huku neno "bure" likibaki pale pale.

Jambo hili si dogo. Benki ya Dunia, katika taarifa zake za gharama za kupeleka fedha, imeandika mara kwa mara kwamba njia za kutoka Tanzania kwenda nchi jirani ni miongoni mwa zilizo ghali mno katika Afrika. Mataifa yalikubaliana mwaka 2015 kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kupeleka fedha isizidi 3 katika 100. Wakati huo ukingojewa, mtu maskini hujilinda kwa swali moja tu. Asiulize, "Ada yenu ni kiasi gani?" Aulize hivi: "Nikitoa jumla hii hapa, mwenzangu atashika kiasi gani mkononi?" Tena akumbuke kumwuliza mwenzake gharama ya kutoa fedha kwa wakala wa huko, maana hiyo nayo ni sehemu ya safari. Jibu la swali hilo laweza kulinganishwa na jibu la njia nyingine yoyote, na kila mtoto wa shule aweza kulihakikisha kwa kugawa.

Kwa nchi zisizounganishwa na simu, zipo benki na ofisi zenye leseni ambazo hupokea fedha mezani kutoka kwa mtu asiye na hesabu kwao, akionyesha kitambulisho na kueleza sababu ya kupeleka. Kampuni iliyo maarufu kwa kazi hii ni Western Union ya Marekani, iliyoanza kupeleka fedha kwa simu ya waya mwaka 1871, yaani kabla mkonge haujafika Tanga. Humpa mpelekaji namba ya tarakimu 10, na mpokeaji huitaja namba hiyo pamoja na kuonyesha kitambulisho chake. Jina la mpokeaji lazima liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho. Jina la nyumbani au la utani halitafaa kitu, na mtu aweza kurudishwa kwa ajili ya herufi moja.

JE, HAWALA YA WATU BINAFSI?

Najua wengine watasema, "Mbona yuko mtu wetu afanyaye hawala kwa bei nafuu, na hajatupoteza hata siku moja?" Yawezekana. Katika nchi ambazo vita vimezivunja benki, kama Somalia, hawala imewalisha watu wengi, na si haki kuitukana. Lakini katika Tanzania, sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 yataka kila afanyaye kazi ya malipo awe na leseni ya Benki Kuu. Mtu asiye na leseni akifa, akihama, au akikana neno lake, hutakuwa na hati ya kupeleka mbele ya hakimu, nawe mwenyewe waweza kuulizwa. Kabla ya kumpa fedha, mwombe akuonyeshe leseni. Kampuni yenye leseni haioni haya kuionyesha.

Na wako waliorudia desturi ya zamani kuliko zote, yaani kumpa kondakta wa basi bahasha pale Segera au Mombo. Mwezi wa Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, malalamiko yalikuwa makubwa, na wengi wakaona heri noti. Tozo ile ilipunguzwa mwaka ule ule, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Bahasha ya kondakta ina bei ndogo, lakini haina neno lililoandikwa popote. Ikipotea imepotea.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwanza, namba ya siri ni yako peke yako. Wakala haihitaji, kampuni haiiulizi, wala askari hana haja nayo. Mzee asiyeona vizuri amchague mtoto mmoja wa nyumbani amsaidie, wala si mtu aliyemkuta penye kibanda.

Pili, ukipata ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwa namba hii," usitume. Huyo ndiye mwizi tuliyemtaja mwanzo, ambaye havunji sanduku bali huligeuza neno. Humwandikia kila mtu, akitumaini kumpata mmoja aliyekuwa karibu kutuma karo au kodi. Mpigie mwenzako kwa namba uliyokuwa nayo zamani, uisikie sauti yake.

Tatu, mtu akikupigia akisema amekosea kukutumia fedha na kukuomba umrudishie, usitazame ujumbe aliokuletea. Tazama salio lako mwenyewe. Ujumbe waweza kuandikwa na yeyote. Salio huandikwa na kampuni. Hata kama fedha imeingia kweli, mwambie aieleze kampuni yake, nayo itairudisha kwa njia iliyo sawa.

Nne, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Tarakimu moja ikikosewa, fedha ya Handeni hufika kwa mtu wa Mbeya. Ukigundua umekosea, ipigie kampuni dakika ile ile, kabla haijatolewa.

Tano, andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uwe na daftari ndogo, uandike tarehe, jina, kiasi, ada, na namba ya muamala. Ujumbe wa simu hufutika, na simu hupotea, daftari hukaa. Siku ya mgogoro, kampuni itakuuliza namba hiyo kwanza.

Ndugu zangu, mkata mkonge wa zamani alikaa kambini akihesabu vipande, asijue kama fedha aliyompa mwenzake imefika kwao. Wengine walijua baada ya miezi, na wengine hawakujua kamwe. Leo kaka wa Chogo hujua baada ya dakika chache, bila hesabu ya benki na bila kuondoka kijijini. Neema hiyo ni kubwa. Lakini neno liendalo upesi hupotea upesi pia. Basi kabla ya kulituma, ulizeni mwenzenu atashika kiasi gani, someni jina, kisha andikeni daftarini.

Wenye daftari waanze usiku huu. Na wanafunzi wawafanyie wazee wao hesabu ya njia mbili, kwa viwango watakavyovikuta sokoni siku hiyo, wawaonyeshe tofauti yake.

Kwa herini.